Busia: kodi inafuata trela, nyumba imebaki kwenye hati ya babu

Wanajamvi, salamu kwenu nyote.

Nilihamia mji wa Busia, upande wa Kenya, mwaka 2006 nilipopata kazi ya ualimu katika shule moja ya msingi ya kaunti hii. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa mpangaji katika vyumba vinne tofauti, viwili mtaa wa Marachi na viwili Burumba, na tangu 2017 nimekuwa mwenye ploti ya vyumba sita iliyojengwa katika shamba la ukoo wa marehemu mume wangu. Nimelipa kodi na nimepokea kodi. Ninaposoma watu wakilaumiana humu, mpangaji akimwita mwenye nyumba mnyonyaji na mwenye nyumba akimwita mpangaji mharibifu, naona kwamba kila mmoja ameshika kipande cha jambo lenyewe na kuliachilia lililo kubwa.

Ninalotaka kulisema ni hili: bei ya chumba Busia huamuliwa na barabara na mpaka, lakini hali ya chumba hicho huamuliwa na karatasi ya ardhi iliyo chini yake, na karatasi hiyo, katika ploti nyingi ninazozijua, bado ina jina la mtu aliyekwisha kuzikwa. Ndiyo maana kodi hupanda na choo hubaki kilekile.

Nianze na mpaka. Mstari huu ulichorwa juu ya watu waliokuwapo. Hadi 1902 eneo lote hili, kwenda hadi karibu na Naivasha, lilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ndipo Waingereza wakalihamishia upande unaoitwa Kenya leo na mpaka ukasogea kuja huku. Wasamia na Wateso wakajikuta wana shangazi na wajomba katika nchi mbili. Hata sasa mkazi wa mji huu hasemi kwamba anakwenda Uganda. Husema anakwenda Sofia, mtaa wa Busia ya upande wa Uganda, kana kwamba anakwenda mtaa wa pili. Tangu 2014 Mkenya na Mganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa, na kabla ya hapo watu walivuka kwa kujuana. Kwa hiyo soko la nyumba hapa haliko katika nchi moja. Anayeshindwa na kodi ya Marachi huvuka, akapanga Sofia, akarudi asubuhi kufanya kazi upande huu, na wako wafanyao kinyume chake kwa ajili ya shule ya watoto.

Juu ya watu hao wenyeji kuna watu wa barabara. Mizigo inayotoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo ya mashariki hupita katika kaunti yetu kwa milango miwili, Malaba na Busia. Nilipofika hapa, dereva alikaguliwa upande wa Kenya, akasogea hatua chache, akakaguliwa tena upande wa Uganda, na kati ya ukaguzi huo na ule angeweza kulala siku mbili au tatu. Siku hizo ndizo zilizojenga mji. Kila trela lililosimama lilikuwa na dereva na utingo wake. Kila dereva alihitaji pa kuoga, pa kula na pa kuweka kichwa. Na kila anayemhudumia, kuanzia wakala wa forodha mpaka mama wa chapati, alihitaji chumba cha kukaa mwezi mzima. Wenye mashamba ya kando ya barabara wakaacha kupanda mahindi wakapanda vyumba.

Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walikuja kufungua rasmi kituo cha pamoja cha mpaka hapa Busia, ambapo maafisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja na gari hukaguliwa mara moja tu. Kwa biashara ya nchi hizi lilikuwa jambo jema na sitalipinga. Lakini dereva ambaye halali hapatii mji fedha ya kulala. Mwaka ule niliona vyumba vya kando ya barabara vikikaa miezi miwili vikiwa na maandishi ya chaki mlangoni, na wenye navyo, badala ya kushusha kodi, wakavigawanya kwa ukuta wa mbao ili chumba kimoja kiwe viwili. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kodi ya mji wa mpakani ina mlango wa kupandia lakini haina wa kushukia, kwa sababu aliyejenga kwa fedha za mfukoni amekwisha kuihesabu kodi hiyo katika karo ya watoto wake.

Mpangaji mwingine anayepandisha bei hatajwi sana. Ni mimi wa 2006: mwalimu, muuguzi, polisi, afisa wa uhamiaji, afisa wa mamlaka ya mapato. Tunaletwa na serikali, tuna posho ya nyumba katika hati ya mshahara, na mwenye ploti anaijua posho hiyo. Ugatuzi ulipoanza 2013 na Busia ikawa makao makuu ya kaunti, waliongezeka wafanyakazi wa kaunti pia, na mtu wa mkokoteni akajikuta anagombania mlango mmoja na mtu wa mshahara.

Sasa niwaingize ndani. Chumba nilichopanga Burumba mwaka 2009 kilikuwa futi kumi kwa kumi. Kuta zilikuwa za matofali ya kuchoma, zimepigwa lipu upande wa ndani tu, tena mpaka usawa wa bega, kwa sababu hapo ndipo saruji ilipomwishia mwenye nyumba. Bati lilikuwa geji 32, jembamba kiasi kwamba mvua ya Aprili ilipoanza saa kumi alasiri, wanangu waliacha kusoma kwa sauti na kusoma kwa macho, maana hakuna aliyemsikia mwenzake. Hapakuwa na dari. Moshi wa jiko la jirani ulipita juu ya ukuta ukaingia kwetu, na sisi tulijua wanapika omena kabla wao hawajaiweka chumvi. Dirisha lilikuwa moja, la mbao, nalo likifunguliwa lilizuia njia ya watu wanaokwenda chooni, basi tulilifunga mchana na kulifungua usiku. Mita ya stima ilikuwa moja kwa milango tisa. Mwenye pasi ya umeme alinuniwa na ploti nzima kila tokeni zilipoisha.

Choo kilikuwa kimoja kwa milango hiyo tisa, shimo lenye ukuta wa mabati, na bafu lilikuwa limepakana nacho. Mvua zikishika, maji ya ardhini yalipanda ndani ya shimo. Niliyaona kwa macho yangu mwezi Mei, yakiwa hayajafika dhiraa moja kutoka mdomo wa shimo, na hatua thelathini kutoka hapo kilikuwapo kisima tulichofulia nguo, ambacho wengine walikinywa. Mwanangu wa pili aliumwa tumbo mara tatu mwaka ule.

Nalikumbuka hilo kila ninaposikia Busia ikisifiwa kwamba mwaka 2015 ilikuwa kaunti ya kwanza nchini kutangazwa kwamba watu wake hawaendi tena haja vichakani. Sifa hiyo ni ya haki. Wahudumu wa afya wa vijijini walitembea boma kwa boma, wakazungumza na watu bila kuwatukana, na Nambale, sehemu moja ya kaunti hii, ikawa mfano wa nchi nzima. Lakini kampeni ile ililenga boma la kijijini, lenye baba, mama na shimo lao. Ploti ya mjini yenye milango tisa na shimo moja huonekana kuwa mahali penye choo. Choo kipo, ni kweli. Ila zamu yako hufika saa mbili asubuhi na kengele ya shule imekwisha kulia.

Basi kwa nini mwenye nyumba asichimbe cha pili? Nilidhani ni tamaa mpaka nilipokuwa mwenye nyumba mwenyewe.

Mwaka 2016 mimi na mume wangu tulikwenda benki kuomba mkopo wa kujenga. Tulikuwa na hati za mishahara miwili, tulikuwa na ramani, na shamba lilikuwapo umbali mfupi kutoka barabarani. Afisa alitupokea kwa heshima, akaomba hatimiliki. Tukamletea nakala. Ilikuwa na jina la baba mkwe wangu, aliyefariki 1994, na shamba zima lilikuwa chini ya namba moja ilhali ndani yake walikaa kaka watatu na mama mkwe. Afisa akaifunga faili kwa upole. Hakukosea: benki haiwezi kushika rehani ya marehemu.

Tulichofanya ndicho wanachofanya wenye ploti wengi ninaowafahamu. Tulijenga kwa mshahara na kwa chama. Mwezi huu lori la mchanga, mwezi ujao matofali, Desemba mabati. Chumba cha kwanza kilipopata mlango kilipangishwa siku hiyohiyo, bila lipu, ili kodi yake inunue saruji ya chumba cha pili. Mtu anayejenga hivyo hana ramani iliyoidhinishwa, kwa sababu hawezi kuombea idhini shamba lisilo na jina lake; hana tangi la majitaka, kwa sababu tangi halileti kodi; na hana moyo wa kuweka fedha nyingi ardhini, kwa sababu shemeji yake anaweza kurudi kutoka Mombasa kesho na kusema kwamba mahali hapo ni pake. Anayejenga akiwa na hofu hujenga kitu ambacho kikibomolewa hatalia sana. Katika ubovu wa vyumba vyetu tamaa imo, lakini ni kidogo. Nyingi ni hofu hiyo.

Mpangaji naye amesimama juu ya hofu hiyohiyo bila kuijua. Kodi anampa nani? Mimi nimewahi kuishi katika ploti ambayo ndugu wawili walikuja kudai kodi ya mwezi mmoja, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akisema kwamba mwenzake si mwenye nyumba. Nilimlipa wa kwanza, na wa pili akafunga mlango wangu kwa kufuli lake vitu vikiwa ndani. Risiti yangu ilikuwa karatasi iliyochanwa katika daftari la shule, haina jina la ploti wala sahihi inayosomeka.

Sheria ya kumlinda mtu kama yule niliyekuwa ipo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinataja haki ya kila mtu kupata makazi yanayofaa na viwango vya usafi vinavyokubalika. Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, inamkataza mwenye nyumba kumfukuza mpangaji au kumpandishia kodi bila kufuata utaratibu, lakini inazihusu tu nyumba ambazo kodi yake ya kiwango haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiasi hicho kimekaa hapo miaka mingi wakati kila kitu kingine kimepanda. Nairobi kimekuwa kama hakipo. Lakini hapa Busia, wanajamvi, vyumba vya shilingi 2,500 na vya chini yake bado viko, na wakazi wake ndio wale wasiojua kwamba sheria hiyo imeandikwa kwa ajili yao. Aidha Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inampa bwana afya mamlaka ya kumwandikia ilani mwenye jengo lenye msongamano au choo cha hatari. Mimi sikuwahi kumwita. Niliogopa kufukuzwa.

Naomba wenye uzoefu wa Malaba, Samia, Bunyala na ng'ambo waongeze.

Mchangiaji wa Malaba anaandika:

Mwalimu, pokea salamu zangu. Nilikuwa wakala wa forodha Malaba kuanzia 2005, na naomba kuongeza jambo moja kuhusu trela. Pigo letu lilitangulia kituo cha pamoja. Mwaka 2014 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipoanza kutumia eneo moja la forodha, kodi ya mizigo inayokwenda Uganda ikawa inalipwa mzigo ukiwa bado Mombasa. Kazi yetu ilihama ndani ya miezi michache. Ploti niliyokuwa nikikaa ilikuwa na mawakala watano na makarani wao. Kufikia mwisho wa mwaka nilibaki peke yangu, na mwenye nyumba, mzee wa Kiteso mwenye subira, alinishushia kodi kwa shilingi mia tano. Ni yeye peke yake niliyemwona akishusha, na nakiri alikuwa na hatimiliki yake mkononi.

Kisha ikaja 2020. Madereva walipotakiwa kupimwa korona kabla ya kuvuka, foleni ya malori ilirudi nyuma makumi ya kilomita. Mtu wa mbali angedhani tulineemeka. Wenye gesti waliogopa kuwapokea madereva, wapangaji waliwakataza wenye ploti kuwapangisha, na madereva wakalala chini ya magari yao wakioga kwa maji ya mtungi kando ya barabara. Wiki zile tulikuwa na wageni wengi kuliko wakati wowote, na vyumba vitupu.

Mpangaji wa ng'ambo anaandika:

Mwalimu, mimi ni mmoja wa hao uliowataja, nauza nguo soko la upande wa Kenya na napanga Sofia. Watu hufikiri tunavuka kwa sababu ya bei peke yake, lakini bei yenyewe haitulii kwa ajili ya fedha. Januari 2024 dola moja ilikuwa inakaribia shilingi 160 za Kenya, na shilingi yetu ikanunua za Uganda chache kiasi kwamba kodi yangu, ambayo mwenye nyumba hakuigusa, ilipanda mkononi mwangu kama iliyoongezwa. Kufikia Aprili dola ilikuwa imeshuka chini ya 135 na nikapumua. Tangu wakati ule naweka kodi ya miezi miwili katika fedha za Uganda ndani ya kopo, kwa sababu mbadilisha fedha hana huruma na tarehe ya kodi.

Kwa upande wa sheria, Uganda ilipitisha sheria yake ya wenye nyumba na wapangaji mwaka 2022, nayo imeweka mpaka wa asilimia 10 kwa mwaka katika kupandisha kodi. Nilimtajia mama mwenye nyumba wangu kwa adabu, akanijibu kwamba alikuwa hajaisikia, na hakuniongezea zaidi ya hapo. Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba kujua sheria kunasaidia, hata bila kwenda mahakamani. Linaloniumiza ni mengine. Mwanangu akiumwa usiku nikiwa Sofia, kadi yangu ya bima ni ya Kenya, na pikipiki ya kuvuka usiku hutoza mara mbili. Wakati mwingine nakaa macho namwangalia mtoto nikihesabu saa za kupambazuka.

Mchangiaji wa Bunyala anaandika:

Naomba Budalang'i, huku kwetu Bunyala, isisahauliwe katika hesabu hii. Sisi hatuna trela. Tuna mto Nzoia. Mei 2020 kingo za mto zilishindwa, na wakati uleule Ziwa Viktoria lilikuwa limejaa kupita rekodi yake ya 1964, maji ya mto yakakosa pa kwenda. Nyumba yetu ya udongo ilisimama ndani ya maji siku kumi na moja, na siku ya kumi na mbili ukuta wa jikoni uliketi chini taratibu kama mtu aliyechoka. Wazee walibaki kambini. Vijana tulikuja mjini kutafuta chumba, kwa hiyo kila mafuriko ya Bunyala hupandisha kodi ya Busia kidogo, nadhani wenye ploti wanalijua hilo.

Mwalimu, nina swali. Mimi nina shamba la baba huko, halijagawanywa, na hakuna anayetaka kulinunua. Umesema kwamba karatasi ndiyo inayoamua hali ya nyumba. Kwa mtu ambaye shamba lenyewe linalala chini ya maji, karatasi itamsaidia nini?

Mwandishi wa uzi anajibu:

Ndugu yangu wa Bunyala, pole sana, tena pole ya kweli. Swali lako limenikalisha jioni nzima. Nakubali kwamba hatimiliki haizuii mto, na kingo za Nzoia ni kazi ya serikali ya taifa na ya kaunti. Hata hivyo fikiria siku ambayo serikali itataka kupitisha kingo pana zaidi ndani ya mashamba yenu, au kuwahamisha. Fidia ya ardhi hulipwa kwa anayetambulika katika sajili. Jina la baba likiwa bado humo, fidia hiyo itasimama ikingoja mirathi, na ndugu watagombana juu ya fedha ambazo hawajaziona. Kwa hiyo mimi ningeanza sasa, hata shamba likiwa na maji.

Ndugu wa Malaba, yule mzee wako amenipa mfano ambao sikuwa nao. Aliyeshusha kodi ni yule aliyekuwa na hati. Naye dada yetu wa Sofia, hilo la kopo la fedha za Uganda nitawaambia wenzangu shuleni wanaokaa ng'ambo.

Mwenye ploti wa Mundika anaandika:

Mwalimu, nimekusoma kwa makini na nakushukuru kwa kutotuita wanyonyaji. Lakini mbona hukutaja ushuru? Nina vyumba kumi kwa shilingi 2,500. Mwaka ukiisha ni shilingi 300,000, na mamlaka ya mapato inataka sehemu yake bila kujali kwamba nimechimba choo au sikuchimba. Na juu ya hayo kuna tozo ya nyumba za bei nafuu inayokatwa kwa wenye mishahara, ambayo mwanangu analipa na hajaiona nyumba.

Mwandishi wa uzi anajibu:

Mzee wangu, ni kweli, na niliruka jambo hilo kwa sababu ploti yangu haijafika huko. Kodi ya mapato ya nyumba za kuishi humpata mwenye kupokea zaidi ya shilingi 288,000 kwa mwaka, yaani 24,000 kwa mwezi. Kiwango kilikuwa asilimia 10 na kilishushwa kuwa 7.5 kuanzia Januari 2024, kikitozwa katika jumla ya kodi yote bila kutoa gharama. Kwa hesabu yako ni shilingi 22,500 kwa mwaka. Uchungu wako naona uko hapo penye neno gharama: anayechimba choo cha pili na asiyechimba hutozwa sawasawa. Ningekuwa na mbunge wa kumwambia neno moja, ningemwambia hilo, kwamba saruji ya choo na tangi la maji itolewe katika hesabu kabla ya kutoza.

Kuhusu tozo, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Hata mimi nakatwa. Sipingi serikali kujenga. Ninachosema ni kwamba wapangaji wa Burumba hawatahamia ghorofani wote, na chumba watakachoendelea kukaa ni changu na chako. Fedha kidogo ya kuwasaidia watu wa kipato cha chini kumaliza mirathi na kupima mashamba ingefungua milango mingi kuliko jengo moja.

Nawaeleza sasa tulivyofanya sisi, kwa kuwa wawili wameniuliza faraghani. Mume wangu alipofariki 2019 nilijua kwamba vyumba sita vile, kwa maandishi, havikuwa vyangu wala vya wanangu. Tulianza kwa barua ya chifu inayowataja warithi wote wa baba mkwe. Mawifi zangu wawili walioolewa Uganda hawakuwekwa katika orodha ya kwanza, na nilikataa kutia sahihi mpaka walipowekwa, kwa sababu sheria ya mirathi haimtengi binti na kwa sababu mmoja wao ndiye aliyemwuguza mzee. Tulifungua kesi mahakamani, tangazo likatoka katika gazeti rasmi la serikali, tukangoja siku 30 za pingamizi, tukapewa hati ya usimamizi wa mirathi, kisha miezi sita mingine kabla ya kuithibitisha. Shemeji yetu wa Mombasa alipinga, na hapo tulikaa mwaka mmoja na zaidi. Nilimfuata kwa basi. Sikwenda na wakili, nilikwenda na mama mkwe. Alipomwona mama yake ameshuka kwenye basi la usiku kwa magongo, alitia sahihi kabla ya chai.

Baada ya hapo ndipo mpima ardhi alipoingia, bodi ya ardhi ikatoa kibali cha kugawanya, na msajili akatoa hatimiliki nne. Yangu ninaishika kwa niaba ya watoto. Mwaka uleule nilipata mkopo mdogo, nikachimba choo cha pili chenye kuta za matofali, nikaweka tangi la lita elfu tano la maji ya mvua, na kila mlango ukapata mita yake ya stima. Kodi nilipandisha kwa shilingi mia tatu. Wapangaji wote sita walibaki, na mmoja wao, mama wa samaki, aliniambia kwamba zile mia tatu alikuwa akizimaliza kwa mitungi ya maji kabla hata wiki mbili hazijapita.

Mpangaji wa Burumba anaandika:

Mwalimu, naona aibu kuuliza. Mimi nalipa shilingi 2,200, choo chetu kimejaa tangu Februari, na mwenye nyumba anasema nikitaka choo kizuri nihame. Nikimwita bwana afya, si nitafukuzwa?

Mwandishi wa uzi anajibu:

Dada, usione aibu. Mimi niliogopa miaka kumi na mmoja. Kodi yako iko chini ya 2,500, kwa hiyo sheria ya Sura ya 296 inakuhusu, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kukutoa kwa sababu tu umelalamika. Usiende peke yako. Waombe majirani wa ploti, hata wawili, muandike barua moja yenye sahihi zenu, mpige picha ya choo, mpeleke nakala kwa bwana afya wa wadi na nyingine kwa chifu. Kodi endelea kulipa kwa simu, si mkononi, ili ujumbe wa malipo uwe risiti yako. Na kabla ya hayo yote, zungumza na mwenye nyumba mara moja tena, mbele ya mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote mbili, ukamwulize kwa upole shamba hilo limeandikwa kwa jina la nani. Huenda ukakuta naye amekwama mahali nilipokuwa nimekwama.

Jumanne ijayo namsindikiza jirani yangu kwa chifu kuchukua barua ya warithi wa baba yake. Tutaondoka stendi saa tatu asubuhi. Mwenye shida kama hiyo, au mwenye barua ya choo kama dada yetu, aandike hapa chini tuandamane.